Uzi mmoja wa mkonge, leza na kamera: mwongozo wa kupima ukakamavu

Fundi wa plafoni anayelaza nyuzi za mkonge ndani ya plasta anajua kwamba bila nyuzi hizo kazi yake itapasuka. Mwanafunzi anayetaka kuimarisha matofali ya udongo kwa nyuzi za migomba ya Kabare au Idjwi naye anajua hivyo. Wengi hukwama kwenye swali linalofuata: uzi huo unavutika kiasi gani mzigo unapouingia? Plasta hupasuka ikivutwa kidogo sana. Uzi unaovutika sana utaanza kubeba mzigo wakati ufa umeshafunguka, hata kama uzi wenyewe hautakatika. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza uzi utakatika kwa kilo ngapi, inafaa kuuliza ni mkakamavu kiasi gani.

Mambo hayo mawili huchanganywa kila siku. Nailoni ya wavuvi wa ziwa Kivu ni imara kweli, lakini inavutika. Moduli yake, yaani kipimo cha ukakamavu wake, ni gigapaskali chache tu, takriban 2 hadi 4. Kioo kilichovutwa kuwa uzi hukatika ukikikunja vibaya, lakini ukakamavu wake unafika gigapaskali 72 hivi. Mkonge uko katikati. Vipimo vingi vilivyochapishwa vinauweka kati ya gigapaskali 9 na 22, na upana huo peke yake unakuambia kwamba huwezi kuchukua namba ya kitabuni na kuiweka kwenye TFC yako (kazi ya kumaliza masomo) kana kwamba ni ya mkonge uliovunwa hapa Kivu. Inabidi upime mwenyewe.

Mwongozo huu ni kwa mtu aliye Bukavu, chuoni, kwenye shule ya sekondari yenye mwalimu wa fizikia mwenye moyo, au nyumbani, asiye na mashine ya maabara ya kuvuta nyuzi. Nuru inatosha. Tena katika kazi hii nuru ina faida ambayo hata mashine nyingi za bei kubwa hazina: haigusi uzi.

Mahali kosa linapojificha

Tuanze na fomula, kwa sababu kila hatua itakayofuata inatoka humo. Moduli ya Young ni mkazo ukigawanywa kwa mnyumbuko. Mkazo ni nguvu ukigawanya kwa eneo la mkato wa uzi. Mnyumbuko ni urefu ulioongezeka ukigawanya kwa urefu wa mwanzo. Ukiviweka pamoja:

E = (F ÷ ΔL) × (L ÷ A)

Nguvu F ni rahisi, maana ni uzito wa maji ndani ya chupa. Urefu L unapimwa kwa rula. Kazi yote iko kwenye vile viwili vilivyobaki, yaani eneo A na ongezeko ΔL.

Eneo linatokana na kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo ukikosea kipenyo kwa asilimia 5, moduli itakosewa kwa asilimia 10 hivi. Uzi wa mkonge una unene wa mikromita 100 hadi 300. Rula haiwezi kuupima, na kile kipimo cha skrubu cha mafundi wa mashine huubana ukabonyea, ndipo kikusomee unene usiokuwa wake. Ongezeko la urefu nalo, ukilisoma kwa jinsi chupa inavyoshuka, linajumlisha mambo mengine: gundi inayoteleza, karatasi inayonyooka, mbao inayopinda. Vyote hivyo vitahesabiwa kama uzi umevutika, na moduli itatoka ndogo kuliko ilivyo.

Nuru inatibu yote mawili. Leza inapima unene bila kubana. Kamera inaangalia alama zilizowekwa juu ya uzi wenyewe, si kinachoendelea kwenye vishikio. Thomas Young wa Uingereza (1773–1829), ambaye wengi humfikiria kama mtu wa moduli peke yake, ndiye pia aliyebuni kifaa cha kupima unene wa nyuzi za sufu kwa miduara ya nuru inayotokea mwanga unapopita kati yake. Nusu zote mbili za kipimo hiki zilipita mikononi mwa mtu mmoja.

Vitu vya kutafuta

Kalamu ya leza nyekundu, ile ya kuonyeshea ubaoni, isiyozidi miliwati 5. Hadubini mbili ndogo za USB zinazochomekwa kwenye kompyuta, au simu mbili zenye lenzi ya kubana ya kukuza. Gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Karatasi ngumu ya bahasha au kadi. Chupa ndogo ya plastiki, sirinji ya mililita 20, rula ndefu ya chuma, karatasi ya milimita. Mizani ndogo ya betri inayosoma hadi gramu 0.01, kama ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu. Kwa programu ya kupimia picha, chukua ImageJ, ambayo ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho watu hawakifikirii, na mimi nakiweka juu ya vyote: kipande cha faiba optiki. Mafundi wa mtandao hukata na kutupa vipande kila wanapounganisha nyaya. Omba mita mbili tatu. Kioo cha ndani cha faiba ya simu hutengenezwa kwa kipenyo cha mikromita 125, kwa usahihi ulio chini ya mikromita 1, ni mviringo kamili, na ukakamavu wake unajulikana: takriban gigapaskali 72. Huo ni uzi wa kujipimia usioweza kuupata kwa urahisi kwa njia nyingine. Kabla hujapima mkonge hata mmoja, pima faiba hiyo kwa vifaa vyako vyote. Ukipata 70 au 74, endelea. Ukipata 50, tatizo liko mezani pako, na ni heri ulijue sasa kuliko baada ya nyuzi thelathini.

Tahadhari mbili, na ninazisema kwa uzito. Vipande vya kioo kisichovishwa ni vyembamba hata huvioni, na huingia kwenye ngozi au jicho. Fanyia kazi juu ya kitambaa cheusi, vaa miwani, kusanya mabaki kwenye chupa yenye kifuniko, na usile chochote mezani hapo. Na leza: kalamu za bei nafuu mara nyingi hutoa nguvu zaidi kuliko ilivyoandikwa. Usiiweke kwenye usawa wa macho, vua saa na pete, na wafukuze watoto chumbani.

Kuandaa nyuzi

Chukua nyuzi zilizonyooka, zisizo na matawi wala madoa. Uzi wa mkonge unaouona kwa jicho ni fungu la nyuzi ndogo nyingi zilizogandamana, kwa hiyo ukiwa umepasuka katikati si uzi mmoja tena. Uangalie kwanza kwa hadubini mwanzo hadi mwisho.

Unyevu hubadilisha ukakamavu wa nyuzi za mimea, na hapa kwetu mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Viwango vya kimataifa vya nguo vinataka digrii 20 za joto na unyevu wa asilimia 65. Kwa joto, Bukavu imebarikiwa, maana wastani wake unazunguka hapo hapo. Kwa unyevu, tumia njia ya chumvi: weka chumvi ya jikoni kwenye kisahani, itie maji kidogo hadi iwe uji mzito wenye chembe zisizoyeyuka, kisha ifungie pamoja na nyuzi kwenye ndoo yenye kifuniko, nyuzi zisiguse uji. Hewa humo ndani itatulia kwenye asilimia 75 hivi. Si 65, lakini haitabadilika kati ya Aprili na Julai, na hilo ndilo unalolihitaji ili vipimo vyako vilingane. Ziache humo angalau saa 24, na utoe mmoja mmoja wakati wa kupima.

Kisha tengeneza fremu. Kata kadi ya mstatili yenye dirisha katikati la urefu wa sentimita 24. Laza uzi katikati ya dirisha, umenyooka bila kuvutwa, na ugandishe ncha zote mbili kwa tone la epoksi. Funika kila tone kwa kipande kidogo cha kadi. Subiri gundi ikauke kweli kweli, usiku mzima. Usitumie gundi ya haraka ile ya maji maji, kwa sababu hupanda juu ya uzi wa mkonge, ikaingia kati ya nyuzi ndogo na kubadilisha kile unachotaka kupima.

Mwisho, weka alama mbili zilizoachana sentimita 20. Tumia kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba kabisa, na uzungushe ili alama iwe pete, si nukta. Mkonge ukipewa mzigo hujisokota kidogo, na nukta ingehamia nyuma kamera isiione. Pima umbali kati ya pete kwa rula ya chuma na uuandike.

Kipenyo kwa leza

Hatua hii nitaichukua polepole, maana hapa ndipo kipimo kinapopona au kufa.

Simamisha fremu wima, uzi ukiwa umesimama. Leza iwe imefungwa kwenye kitu kisichotikisika, imelala, ikiupiga uzi katikati. Mbele, umbali wa mita 2 kutoka kwenye uzi, bandika karatasi nyeupe ukutani. Zima taa, funga pazia. Utaona mstari wa mwanga uliolala, wenye mwanga mkali katikati na mapengo ya giza kila upande kwa vipimo sawa. Uzi unaosimama wima hutawanya mwanga kwa ubavu. Kwa kanuni ya Jacques Babinet, mwanafizikia wa Ufaransa wa karne ya 19, ukiacha ile nuru kali ya katikati, kizuizi chembamba hutoa mchoro uleule ambao ungetolewa na ufa wenye upana huo huo. Kwa hiyo hesabu ya ufa inatumika:

d = 2 × m × λ × D ÷ X

Hapa m ni namba ya pengo la giza ukihesabu kutoka katikati, λ ni urefu wa wimbi la leza, D ni umbali kutoka uzi hadi karatasi, na X ni umbali kati ya pengo la m upande wa kushoto na lile la m upande wa kulia. Pima kushoto hadi kulia, kamwe usipime kutoka katikati, kwa sababu katikati ya mwanga mkali hakuna anayeweza kupaona sawasawa. Weka penseli kwenye kitovu cha kila pengo wakati chumba kina giza, kisha washa taa na upime kwa rula.

Mfano: leza ya nanomita 650, D ni mita 2, na mapengo ya tatu yameachana milimita 52. Basi d = 2 × 3 × 0.00065 × 2000 ÷ 52, yaani milimita 0.150. Mikromita 150.

Kalamu ya leza iliyoandikwa 650 inaweza kuwa 640 au 660. Hapo ndipo faiba inapokusaidia kwa mara ya kwanza. Vua kipande kifupi cha faiba kwa koleo la fundi, kipanguse kwa alkoholi, kiweke mahali pa uzi. Kwa mikromita 125 na mita 2, mapengo ya tatu yanapaswa kuachana milimita 62.4. Ukipima 61.4, leza yako ni ya nanomita 640, na utumie namba hiyo tangu sasa. Huna haja ya kuamini kibandiko tena.

Mkonge si mviringo. Mkato wake mara nyingi una umbo la figo. Kwa hiyo pima kipenyo mahali patano kati ya pete mbili, kisha geuza fremu karibu robo mzunguko (fremu yenye dirisha pana inaruhusu leza kupita kwa mshazari bila kugonga kingo) na upime tena palepale. Chukua kila mahali kama duaradufu: A = 0.785 × d1 × d2. Halafu chukua wastani wa maeneo matano. Bado utakuwa umezidisha eneo kidogo, kwa sababu ule mbonyeo wa figo hauonekani kwenye kivuli. Ili kujua umezidisha kiasi gani, kata nyuzi 200 za fungu hilo hilo, kila moja sentimita 20, na uzipime uzito pamoja. Uzito ukigawanywa kwa urefu wote wa mita 40, kisha kwa msongamano wa gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo, utakupa eneo la wastani. Nyuzi za mikromita 150 zitakupa gramu 1 hivi. Tofauti kati ya eneo la leza na eneo la mizani iandike kwenye ripoti. Msomaji mwenye busara ataitafuta.

Kuvuta, kwa maji na macho mawili

Funga ncha ya juu ya fremu kwenye boriti isiyopinda, au kwenye chuma kilichopigiliwa ukutani. Chupa tupu na ndoano yake vipime uzito, kisha vining'inize ncha ya chini. Sasa kata kingo mbili za karatasi pembeni mwa dirisha, taratibu, kwa kitu cha moto au mkasi mkali, bila kuutikisa uzi. Kuanzia hapo uzi peke yake ndio unaobeba. Weka boksi la kadi pande tatu kuzuia upepo.

Hadubini moja iangalie pete ya juu, ya pili iangalie pete ya chini. Zikuze kwa kadiri ambayo picha inaonyesha milimita 4 hivi. Kwa picha yenye pikseli 1600 kwa wima, kila pikseli itakuwa mikromita 2.5. Piga kwanza picha ya rula au kadi ya vipimo inayokuja na hadubini, ili ujue pikseli ngapi zinafanya milimita moja. Fanya hivyo kwa kila hadubini peke yake, kwani hazifanani. Baada ya hapo usiziguse. Piga picha kwa kubofya kwenye kompyuta. Ukisukuma hadubini hata kwa unywele, mfululizo wote umeharibika na inabidi uanze upya na uzi huo huo.

Anza na chupa ikiwa na uzito wa gramu 20 kwa jumla. Ongeza maji mililita 20 kwa sirinji, ukiyamwaga kwenye ukuta wa ndani wa chupa yasidondoke. Subiri sekunde 30, piga picha mbili, moja kwa kila hadubini. Endelea hadi gramu 200. Kisha fyonza maji kwa hatua zile zile ukirudi chini. Halafu rudia tena kupanda.

Mbona mara mbili? Mzunguko wa kwanza unanyoosha mikunjo ya uzi na kuzipanga nyuzi ndogo za ndani, kwa hiyo mstari wake hupinda. Mzunguko wa pili hunyooka zaidi, na ndio ninaoshauri uutumie. Andika tu kwamba umetumia wa pili. Na zile sekunde 30 zisiwe 10 leo na dakika 5 kesho: mkonge huendelea kuvutika taratibu chini ya mzigo uleule, na muda usio sawa utaonekana kama uzi usio sawa.

Mkonge wa mikromita 150 hukatika kwa mzigo wa mamia ya gramu, mara nyingi karibu na kilo moja, kwa hiyo 200 ni salama. Kwa uzi mwembamba zaidi punguza mizigo kwa kadiri ya eneo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ya betri yenye hadubini za USB itaendelea. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea maji na uzito kuliko mota.

Mwenye simu moja tu asikate tamaa. Weka simu mbali kiasi cha kuona pete zote mbili, ifungie kwenye kitu kizito, funga fokasi, na utumie kipima muda cha kamera. Picha yenye pikseli 4000 kwenye sentimita 20 inaipa kila pikseli milimita 0.05. Ongezeko la milimita 1.1 litakuwa pikseli 22, na ukisoma kila pete kwa nusu ya pikseli, kosa litakuwa asilimia chache tu. Si haba. Hapa hata rula haihitajiki kwa mnyumbuko, kwa sababu unagawanya pikseli kwa pikseli.

Hesabu

Fungua picha kwenye ImageJ. Kwa kila mzigo soma kitovu cha pete ya juu na cha pete ya chini, geuza kuwa milimita, na utoe mwendo wa pete ya juu kwenye mwendo wa pete ya chini. Kinachobaki ni ΔL ya uzi peke yake. Utaona kwamba pete ya juu nayo imeshuka kidogo kila mara. Ule mshuko ni gundi na boriti, na sasa umekwisha kuondolewa.

Geuza uzito kuwa nguvu kwa kuzidisha kilo kwa 9.78. Tuko karibu na Ikweta, na tuko juu mita 1500 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo 9.81 ya vitabu vya Ulaya inazidi kidogo. Tofauti ni asilimia 0.3 tu na haitaokoa kipimo kibaya, lakini kuandika namba sahihi ya mahali pako hakugharimu kitu.

Chora nguvu dhidi ya ΔL kwenye jedwali la kompyuta na upate mteremko wa mstari kuanzia gramu 40 kwenda juu. Tuseme kati ya gramu 40 na 200 uzi umeongezeka milimita 1.12. Nguvu iliyoongezwa ni 0.160 × 9.78, yaani nyutoni 1.565. Eneo la mikromita 150 ni milimita za mraba 0.01767. Basi E = (1.565 ÷ 1.12) × (200 ÷ 0.01767), ambayo ni nyutoni 15,800 kwa milimita ya mraba. Gigapaskali 15.8.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Weka kipenyo 160 badala ya 150. Jibu linashuka hadi 13.9. Mikromita kumi, ambazo jicho haliwezi kuziona, zimekula gigapaskali karibu mbili. Ndiyo maana nilikushikilia sana kwenye leza.

Kwa faiba ya kujipimia, usivue ganda lake unapoivuta; liache, maana linazuia kioo kukatika kwenye gundi. Ganda ni laini na mchango wake kwenye ukakamavu ni asilimia chache tu. Tumia kipenyo cha kioo, 125, kwenye hesabu. Kila nyutoni 1 itaongeza urefu wa sentimita 20 kwa milimita 0.22 hadi 0.23. Hadubini zako zisipoona hivyo, tafuta sababu kabla ya kuendelea: mara nyingi ni hadubini iliyoinama badala ya kuwa sambamba na uzi, au kipimo cha pikseli kilichochukuliwa kwa fokasi nyingine.

Uzi mmoja hausemi kwa niaba ya shamba. Pima angalau 20, afadhali 30, kutoka kwenye majani tofauti na sehemu tofauti za jani, na utoe wastani pamoja na mtawanyiko. Mtawanyiko mkubwa kwenye mkonge ni jambo la kawaida, usiufiche. Ukipata wastani wa 40, shuku kipenyo. Ukipata 3, shuku pete zilizosogea au uzi uliopasuka.

Njia ya pili: kuuacha uzi uiname

Kwa nyuzi zilizonyooka kabisa, kama faiba iliyovuliwa ganda, kuna njia isiyohitaji mzigo wowote. Bana ncha moja kati ya vipande viwili vya kioo cha dirisha, uzi utokeze ukiwa umelala, na uache uiname kwa uzito wake. Nyuma yake weka karatasi ya milimita, mbele yake kamera, vyote ndani ya boksi ili upepo usiingie. Kwa uzi mviringo:

E = 2 × ρ × g × L⁴ ÷ (δ × d²)

ρ ni msongamano, kilo 2200 kwa mita ya ujazo kwa kioo cha faiba. Herufi δ ni kiasi ncha ilivyoshuka. Faiba ya mikromita 125 iliyotokeza sentimita 12 hushuka milimita 8 hivi. Geuza uzi nusu mzunguko, pima tena, uchukue wastani, ili mpindo wake wa asili ufutike. Angalia vizuri L: imezidishwa kwa yenyewe, L × L × L × L, kwa hiyo kukosea milimita 1 kwenye 120 kunaleta kosa la asilimia 3.3. Na ncha isishuke zaidi ya sehemu ya kumi ya urefu, la sivyo fomula inaanza kudanganya.

Mkonge siupimi hivi. Una mpindo wake, si mviringo, na kuinama hupima zaidi ngozi ya nje ya uzi kuliko moyo wake. Namba itakayotoka haitalingana na ile ya kuvuta, na zote mbili zinaweza kuwa sahihi.

Kwa nyuzi nyembamba sana, kama kaboni yenye mikromita 7, leza bado inafanya kazi ila mapengo yanaachana mno. Sogeza karatasi hadi nusu mita na utumie sini ya pembe badala ya kugawanya X kwa D moja kwa moja. Mzigo nao ushuke hadi gramu moja moja, na maji yawe matone yaliyopimwa kwenye mizani.

Cha kuandika

Kwa kila uzi andika: ulikotoka na jani, siku ulizokaa kwenye ndoo ya chumvi, joto la chumba, d1 na d2 za mahali patano, umbali kati ya pete, mzunguko uliotumika, sekunde za kusubiri, mteremko, na E. Mwanzoni mwa ripoti weka matokeo ya faiba ya kujipimia, na uyarudie kila asubuhi ya kazi. Picha zote zihifadhi kama zilivyotoka kwenye kamera, bila kukatwa wala kung'arishwa. Vipande vya nyuzi zilizopimwa vitie kwenye bahasha zenye namba zile zile za daftari, ili mwingine, awe wa Bukavu, wa Lwiro au wa Lubumbashi, aweze kuvipima upya kwa leza yake.